Karatasi Moja au Mbili? Hesabu ya Mtahiniwa wa Aktuaria

Wahenga walinena kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Fisi huyo, kama inavyosimuliwa, alinusa nyama kutoka pande mbili, akatia mguu mmoja katika kila njia, akaendelea kwenda hadi akapasuka msamba. Wahenga hao hao, hata hivyo, walionya kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mwanafunzi wa Kiswahili huukuta ukinzani wa methali za namna hii katika somo la fasihi simulizi, akaujadili na kuuacha darasani. Yupo mwanafunzi mwingine katika vyuo vikuu vya Kenya ambaye ukinzani huo humkabili mara mbili kwa mwaka, na kila mara hana budi kuutatua kwa kutoa fedha. Huyo ni mwanafunzi wa aktuaria. Swali lake ni moja: katika msimu huu wa mitihani, ajisajili kwa karatasi moja, mbili au tatu?

Kabla ya kuliingilia swali hilo, yafaa jina la taaluma lenyewe lielezwe. Aktuari ni mtaalamu anayekadiria, kwa kutumia hisabati na takwimu, gharama ya mambo ambayo bado hayajatokea: vifo, maradhi, ajali, uzee. Yeye ndiye huisaidia kampuni ya bima kuamua kiasi cha kumtoza mteja, na ndiye huuchunguza mfuko wa pensheni ili kubainisha iwapo fedha zilizomo zitatosha kuwalipa wastaafu miaka 30 ijayo. Wapo wanaomwita mtakwimu bima. Jina hilo ni tamu kwa sikio la Mswahili, ila linaiacha nje pensheni, ambayo ni nusu ya kazi yake. Nchini Tanzania, kazi yake katika mifuko ya hifadhi ya jamii huitwa tathmini ya uhai wa mfuko, na Wakenya wangefanya vyema kuiazima istilahi hiyo. Katika makala hii litatumika neno aktuari, kwa kuwa ndilo linaloeleweka haraka na wanaohusika.

Shahada ya kwanza haimfanyi mtu kuwa aktuari. Anayehitimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, cha Jomo Kenyatta au kinginecho hutoka na shahada ya sayansi ya aktuaria, lakini sifa ya kitaaluma huipata kwa kufanya mitihani ya chama cha maaktuari. Watahiniwa wengi wa Kenya hufuata mitihani ya chama cha Uingereza, Institute and Faculty of Actuaries. Chama hicho kiliundwa mwaka 2010 kwa kuunganishwa vyama viwili vikongwe, kimoja cha London kilichoanzishwa 1848 na kingine cha Edinburgh cha 1856. Mtaala wake wa 2019 ulipanga karatasi 13 kwa yeyote anayetaka kufika daraja la juu kabisa, nazo 10 za kwanza humpa daraja la kati. Wahitimu wa vyuo vilivyoidhinishwa husamehewa baadhi ya karatasi. Mitihani hufanywa Aprili na Septemba. Hakuna anayemlazimisha mtahiniwa kufanya karatasi kadha kwa pamoja. Hiari ni yake, na ndipo tatizo linapoanzia.

Hesabu ya kwanza anayoifanya kila mtahiniwa ni ya kalenda. Karatasi 13, zikifanywa moja moja na kupitwa zote kwa mara ya kwanza, zinahitaji misimu 13, yaani miaka sita na nusu. Zikifanywa mbili mbili, misimu saba hutosha, yaani miaka mitatu na nusu. Kijana wa miaka 22 akiitazama tofauti hiyo, haoni sababu ya kusita. Anachokisahau ni kile kishazi kidogo: "kupitwa zote kwa mara ya kwanza". Katika karatasi nyingi, wanaofaulu hukaribia nusu ya watahiniwa, pengine hata wasifike. Na hao walioanguka si wavivu wala wajinga, maana wengi wao walikuwa wa kwanza katika hisabati shuleni mwao.

Mbili zinapokuwa nne

Neno karatasi lenyewe hudanganya. Mwanafunzi aliyefanya Kiswahili katika KCSE anajua kwamba somo moja huwa na karatasi tatu: insha, lugha na fasihi. Katika mitihani ya aktuaria mambo yako vivyo hivyo kwa masomo ya msingi ya hesabu. Masomo manne, ambayo hutambuliwa kwa herufi CS1, CS2, CM1 na CM2, kila moja lina sehemu A na sehemu B. Sehemu A ni ya maswali ya kujibiwa kwa maandishi, nayo hubeba asilimia 70 ya alama. Sehemu B hubeba asilimia 30 na hufanywa kwa kompyuta: masomo ya takwimu hutumia programu iitwayo R, na yale ya hisabati ya fedha hutumia majedwali ya Excel. Sehemu zote mbili lazima zifanywe katika msimu ule ule. Mtahiniwa hawezi kufanya A mwezi wa Aprili akaiweka B hadi Septemba.

Kwa hivyo anayesema kwamba "anachukua mbili" za aina hii, kwa kweli anachukua nne, na mbili kati ya hizo zinataka ustadi ambao haupatikani kwa kusoma vitabu. Kuandika maagizo ya R bila kosa, huku saa ikikimbia, ni kazi ya vidole na mazoea kama ilivyo kupiga taipu. Wapo wanaoimudu nadharia barabara, kisha wakapoteza alama katika B kwa sababu majuma yote waliyapa A. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo mtahiniwa mpya angestahili kuambiwa, na ni ajabu jinsi linavyogunduliwa na wengi baada ya ada kulipwa.

Saa zilizopo na saa zinazotamaniwa

Miongoni mwa watahiniwa wa Marekani kuna kanuni ya mazoea iliyoenea mno: kila saa moja ya mtihani hudai saa 100 za kusoma. Karatasi ya saa tatu, basi, hudai saa 300. Si sheria, wala haitoki katika utafiti wowote. Ni busara ya waliotangulia. Hata hivyo inafaa kwa sababu humlazimisha mtu kuhesabu.

Mchukulie mhitimu aliyeajiriwa jijini Nairobi. Matokeo ya Septemba hutoka Desemba, na baada ya sikukuu anabakiwa na wiki zipatazo 16 kabla ya mtihani wa Aprili. Anaamka saa kumi na moja alfajiri ili aitangulie foleni ya magari, anarejea nyumbani saa moja usiku, anakula, na kuanzia saa mbili hadi saa nne anasoma. Akifanya hivyo siku tano, hizo ni saa 10. Jumamosi aongeze saa sita. Jumapili ni ya ibada, kufua na jamaa. Jumla ni saa 16 kwa wiki, nazo zikizidishwa mara 16 ni saa 256.

Hizo saa 256 hazitoshi karatasi moja kwa mujibu wa ile kanuni ya Wamarekani. Hata aionaye kanuni hiyo kuwa kali mno, akiipunguza hadi saa 200 kwa karatasi, atapata kwamba moja inamtosha na anabakiwa na saa 56, ilhali karatasi ya pili inadai 200. Saa 144 zilizopungua zitatoka wapi? Wengine huzipata kazini, kwa kuwa baadhi ya waajiri hutoa siku za likizo ya masomo. Wengine huzikopa kutoka katika usingizi, na deni la usingizi hulipwa katika chumba cha mtihani. Mwanafunzi aliye bado chuoni ana saa nyingi zaidi, lakini msimu wa Aprili aghalabu humkuta akiwa katika maandalizi ya mitihani ya mwisho wa muhula, na hiyo hailipiwi upya kwa pauni pekee, humharibia shahada.

Ikumbukwe kwamba saa zinazohesabiwa hapa ni zile ambazo kitabu kiko wazi na kalamu inatembea. Mtahiniwa anayejiwekea saa 40 kwa wiki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, akatimiza 15, anapaswa kufanya uamuzi wake kwa kufuata zile 15.

Hoja ya uwezekano

Hadi hapa yaonekana kana kwamba fisi amepatikana na hatia na kesi imekwisha. Lakini aktuari ni mtu wa uwezekano, na uwezekano una la kusema ambalo methali hailisemi.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mtahiniwa akizielekeza saa zake zote katika karatasi moja, nafasi yake ya kufaulu ni 70 kwa 100. Akizigawa kwa karatasi mbili, nafasi hushuka hadi 45 kwa 100 katika kila moja. Kwa mtazamo wa haraka, aliyechukua mbili amejiharibia: kila karatasi sasa ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuanguka kuliko wa kufaulu. Ila tazama jumla. Aliyechukua moja anatarajia, kwa wastani, kuvuna karatasi 0.7 katika kila msimu. Aliyechukua mbili anatarajia 0.45 mara mbili, yaani 0.9. Ingawa kila karatasi imedhoofika, shamba zima limezaa zaidi.

Kuna la kushangaza kuliko hilo. Uwezekano wa kutoka mikono mitupu ni upi? Kwa aliyechukua moja, ni 30 kwa 100. Kwa aliyechukua mbili, iwapo matokeo ya moja hayategemei ya nyingine, ni 0.55 mara 0.55, yaani takriban 30 kwa 100. Ni sawa! Nafasi ya kufaulu zote mbili ni takriban 20, na ya kufaulu moja tu ni takriban 50. Mtu huyo hakujiongezea hatari ya kukosa yote hata kidogo, na amejinunulia nafasi moja kati ya tano ya kuruka hatua mbili kwa mpigo.

Ndiyo maana watahiniwa wengine hushikilia mbili kwa ukaidi, wala ukaidi wao si upumbavu. Kwa wastani, karatasi ya pili huwa na faida maadamu nafasi ya kila moja inabaki zaidi ya nusu ya ile nafasi ya anayefanya moja. Katika mfano huu, nusu ya 70 ni 35. Ikishuka chini ya 35, fisi ameshinda hoja.

Udhaifu wa hesabu hiyo umejificha katika maneno "iwapo matokeo ya moja hayategemei ya nyingine". Yanategemea, tena sana. Malaria ya wiki mbili mwezi wa Machi haichagui somo. Msiba ukitokea nyumbani, mtu akasafiri kwenda matangani na kukaa siku kumi, siku hizo hutoka katika karatasi zote. Hitilafu ya umeme ya siku moja huenda ikagusa karatasi moja pekee, na tangu mitihani ilipohamishiwa mtandaoni mwaka 2020 kwa ajili ya korona, hofu ya umeme imekuwa ya kweli. Lakini maradhi, huzuni na uchovu hugusa zote. Kama karatasi hizo mbili zingefungamana kabisa, zifaulu pamoja au zianguke pamoja, wastani ungebaki 0.9 vile vile, ila uwezekano wa kutoka mikono mitupu ungepanda kutoka 30 hadi 55. Ukweli wa maisha ya mtahiniwa umo mahali fulani kati ya 30 na 55, na kadiri anavyoishi maisha ya kubanwa, ndivyo unavyosogea kwenye 55.

Katika kuyazungumza haya, lugha nayo ina makosa yake. Mkenya husema mtu "ameanguka mtihani", na neno hilo humgusa mtu mzima, si karatasi. Aliyefanya mbili na kupita moja huulizwa na jirani, "Ulianguka?" naye hujibu kwa haya kwamba aliianguka moja. Mwenzake aliyefanya moja na kuipita hupongezwa. Wote wawili wamesonga hatua ile ile moja. Aibu hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa imewafanya wengi waache mitihani kabisa baada ya misimu miwili, ilhali kwa hesabu walikuwa wakienda vizuri.

Nani anayelipa?

Wastani huo una gharama. Anayetarajia kufaulu mara 70 kwa 100 hulipa ada mara 1.43 kwa kila karatasi anayoipita. Anayetarajia 45 kwa 100 hulipa mara 2.22. Chukua karatasi sita. Kwa mwendo wa moja moja, atahitaji takriban misimu tisa na ada tisa. Kwa mwendo wa mbili mbili, misimu ipatayo saba na ada 13. Amejiokolea karibu mwaka mmoja kwa kulipa ada nne au tano za ziada.

Je, mwaka mmoja ni ghali kuliko ada tano? Jibu hutegemea mfuko unaotoa. Kwa aliyeajiriwa mahali ambapo mwajiri hulipia mitihani na kumwongezea mshahara kwa kila karatasi, mwaka huo una thamani kubwa. Ila waajiri wengi hulipia jaribio la kwanza tu, na marudio humwangukia mwenyewe. Kwa mwanafunzi anayelipiwa na mzazi, mambo ni mengine kabisa. Ada hutozwa kwa pauni za Uingereza, na shilingi haina adabu: mapema mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 160, kisha kufikia katikati ya mwaka huo ikawa imeshuka hadi karibu 130, na pauni nayo ikapanda na kushuka vivyo hivyo. Mzazi aliyeuza ndama ili alipe ada ya karatasi moja hawezi kuelezwa kuhusu wastani wa 0.9. Chama hicho hutoa punguzo la ada kwa wenye kipato kilicho chini ya kiwango fulani, na anayestahiki akikosa kuliomba huwa amejitwisha mzigo bure.

Hoja nyingine ya kuharakisha, ambayo watahiniwa wapya huisahau, ni kwamba mitaala hubadilika. Mtaala ulioanza 2005 uliondoka 2019, na maudhui yaliyokuwa katika karatasi mbili, CT1 na CT5, yakaunganishwa katika moja, CM1. Aliyekuwa na nusu ya jozi hiyo mwaka 2018 alikuwa na kila sababu ya kuikimbilia ya pili, hata ikiwa saa zake hazikutosha.

Karatasi zipi ziende pamoja

Anayeamua kuchukua mbili bado hajaamua lolote mpaka aseme ni zipi. CS2 hujengwa juu ya CS1, na CM2 juu ya CM1. Kuzifanya kwa pamoja ni kuezeka nyumba ambayo kuta zake hazijakauka. Kuoanisha CM1 na CS2 ni kuoanisha mizigo miwili mizito ya hesabu, na mtu huchoka akili katika sehemu ile ile. Jozi inayovumilika zaidi ni ya karatasi moja ya hesabu na moja ya maelezo, kama vile CM1 pamoja na CB2 ambayo ni ya uchumi. Saa ya usiku ambayo akili haiwezi tena kukokotoa huenda bado ikaweza kusoma kuhusu bei na mahitaji. Vilevile, mwanafunzi ambaye muhula huo huo anafundishwa uchumi chuoni tayari ameshalipa sehemu ya zile saa 200 kwa kuhudhuria mihadhara, na hiyo ndiyo hali ambamo karatasi ya pili huja kwa bei nafuu kuliko wakati mwingine wowote. Akingoja miaka miwili, atalipa saa zote upya.

Tatu kwa mkupuo mmoja? Wapo waliofanikiwa, nao husimuliwa sana, walioshindwa hawasimuliwi. Isipokuwa kwa aliyeacha kazi ili asome, au anayerudia karatasi aliyoikosa kwa alama chache, hesabu ya saa huzikataa tatu kabla hata uwezekano haujaulizwa.

Chama cha Uingereza kimekuwa kikichapisha karatasi za miaka iliyopita pamoja na ripoti za watahini, na ripoti hizo hutaja alama ya kufaulu, ambayo aghalabu haiwi mbali na 60 kwa 100. Mtahiniwa mwenye busara huanza kusoma zote mbili mwezi wa Januari bila kumwambia yeyote. Wiki moja kabla ya usajili kufungwa, huketi mezani Jumamosi mbili mfululizo, simu ikiwa imezimwa na saa ikiwa mbele yake, akafanya karatasi nzima ya zamani ya kila somo na kujisahihisha bila huruma. Usajili hufungwa wiki kadhaa kabla ya mtihani, kwa hivyo hatarajiwi kufikisha 60 siku hiyo. Akipata 40 katika zote mbili bado ana wakati wa kupanda. Akipata 45 katika moja na 20 katika nyingine, hulipia ile ya 45, na vitabu vya ile nyingine huvirejesha rafuni hadi Julai, matokeo ya Aprili yatakapotoka na wiki kama kumi zitakapokuwa zimesalia kabla ya Septemba.